Dakika Saba na Sekunde Kumi na Mbili

3:40

Imezima.

Nanzia aliishika simu kwa pindo la kitenge kama mtu anayeepua sufuria, akaiweka sakafuni, akasubiri ipoe. Akaiwasha tena. Sauti ya marehemu dada yake ikaanza upya, tangu kikohozi cha kwanza, tangu "haya, sijui kama hiki kidude kinarekodi." Ikafika palepale.

Imezima.

&nbsp;

UKOO WA KAJIRU — SAME
YAH: KIKAO CHA KUMALIZA MATANGA YA MAREHEMU ELIWAZA

1. Kikao kitafanyika Jumamosi, saa nane kamili mchana, nyumbani kwa marehemu.

2. Ajenda kuu ni malezi ya mtoto Tumsifu (miaka saba), ambaye baba yake naye alishatangulia. Baba mkubwa wa mtoto, Ndugu Elifuraha, ameomba kumchukua akaishi naye Mpanda.

3. Mama mdogo wa mtoto, Bi. Nanzia, anadai kwamba marehemu aliacha wosia wa sauti katika simu yake, akitaka mtoto abaki kwa Bi. Nanzia.

4. Kwa kuzingatia yaliyotupata katika kesi ya mbuzi, wosia huo utasikilizwa katika simu yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kurukwa. NAKALA HAZITAPOKELEWA.

*Katibu wa Ukoo*

&nbsp;

Kuhusu mbuzi

Wewe unayesoma utauliza, mbuzi gani tena? Watu hutucheka sisi Wapare kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wasituonee. Alikuwa mbuzi. Na ng'ombe waliouzwa walikuwa watatu.

Katika kesi hiyo mtu mmoja alileta sauti ya marehemu babu yake kwenye simu, babu akimgawia mbuzi kwa maneno matamu kabisa. Baadaye ikagundulika maneno yalikatwa huku na kuunganishwa kule. Babu alikuwa anazungumzia godoro. Tangu siku hiyo ukoo wetu hauamini nakala ya kitu chochote.

&nbsp;

Alhamisi, kibandani kwa fundi Senkoro, nyuma ya soko

"Betri imevimba, dada yangu. Ona tumbo hili."

"Badilisha."

"Nabadilisha. Lakini betri siyo mgonjwa. Kuna shoti kwenye bodi, hapa, umeme unavuja. Hata nikiweka betri ya mbinguni, itapata moto tu."

"Basi badilisha na bodi."

Fundi Senkoro alivua miwani. Ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo aliyachagua.

"Sauti ya marehemu iko wapi, dada? Iko humo kwenye bodi. Nikiitoa bodi, nimemtoa na yeye."

"Na ukiihamishia kwingine?"

"Naweza. Umesema ukoo hautaki nakala."

Hautaki.

&nbsp;

Yaliyomo katika dakika saba na sekunde kumi na mbili

0:00 kikohozi
0:09 hiki kidude
0:40 salamu kwa wote, kwa majina, pamoja na shemeji ambaye hakusemeshana naye miaka sita
2:15 mbegu za maharage ziko kwenye gudulia la bluu, zisipikwe
3:02 cherehani apewe jirani, maana yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza
3:40
4:30 anamcheka Nanzia anavyochoma wali
5:20 anapumzika. Ni pumzi tu
6:44 "Sasa, kuhusu mtoto"

Kwa nini asianze na mtoto? Nanzia amemuuliza dada yake swali hilo kila siku, kwa hasira, na sasa kwa kulia. Anajua jibu. Jambo zito huwekwa mwisho, baada ya salamu. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote wawili.

&nbsp;

Barua

*Bi. Nanzia,*
*Ombi lako la kutaka kikao kihamishiwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kali, limepokelewa. Linakataliwa. Ratiba ya ukoo haibadilishwi kwa sababu za hali ya hewa.*
*Katibu*

&nbsp;

Majaribio ya Ijumaa (mwandiko wa fundi, nyuma ya boksi la chaja)

betri mpya — 4:05
kutoa laini, kuzima data, kufuta programu zote — 4:22
kufungua mfuniko wa nyuma — 4:50
feni — 5:16
kuiweka juu ya sufuria ya bati yenye maji ya mtungini — 6:31

"Sita na thelathini na moja!" fundi akapiga makofi.

Nanzia hakupiga. Zilibaki sekunde kumi na tatu mpaka neno "mtoto", na baada ya neno hilo kulikuwa na maneno mengine.

"Dada, nikuulize. Ilikuwa inachajiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mezani?"

"Kitandani."

"Imefunikwa?"

Nanzia akafungasha sufuria na simu, akaaga.

&nbsp;

Jibu ambalo hakumpa fundi

Imefunikwa kwa kitenge cha Eliwaza, kwa sababu kitenge bado kina harufu yake. Chini ya mto, kwenye chaji. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Tumsifu akiwa upande wa pili wa pazia na madaftari yake, Nanzia alilaza sikio juu ya mto na kusikiliza. Mara moja. Mara tatu. Siku nyingine mpaka shavu likaungua, naye akafurahi, akasema ni joto la dada.

Siku arobaini.

Hakuna aliyeiroga simu. Ameiua yeye, kwa kuipenda.

Na akikosa mtoto kesho, atamlaumu

&nbsp;

Maneno yaliyosikika uani, Jumamosi, kabla ya saa nane

"Elifuraha si mtu mbaya. Ana nyumba ya vyumba vinne."

"Mpanda ni mbali, lakini."

"Sufuria ya nini? Kuna chai?"

&nbsp;

MUHTASARI WA KIKAO

*Wajumbe waliohudhuria: 23.*

*Saa 8:10 simu iliwekwa mezani juu ya sufuria ya maji. Ndg. Elifuraha aliuliza kama huo ni uganga. Alijibiwa ni ufundi.*

*Saa 8:14 sauti ilianza kusikika. Wajumbe waliitambua. Baadhi walilia.*

Katibu hakuandika kwamba naye alilia. Hakuandika joto la bati la paa, wala Nanzia aliyekuwa akipepea simu kwa daftari la mtoto, midomo yake ikihesabu. Sita na kumi. Sita na ishirini. Sita na thelathini na moja, ikapita! Sita na arobaini. Mungu wangu, Mungu wangu, kidogo tu.

"Sasa, kuhusu mto

&nbsp;

&nbsp;

Moto.

&nbsp;

*Saa 8:21 simu ilizima. Ilijaribiwa mara mbili. Haikuwaka.*

*Ndg. Elifuraha alisema kwa upole kwamba basi, tuendelee na ajenda.*

Nanzia aliendelea kuipepea simu iliyozima.

Ndipo nyuma ya mlango pakasikika kikohozi. Viwili, kifupi na kirefu, hivyohivyo vya Eliwaza. Tumsifu alikuwa amesimama mikono nyuma kama anayesoma mbele ya darasa, macho ameyafumba.

"Sasa, kuhusu mtoto. Tumsifu abaki na Nanzia. Msimpeleke popote. Nanzia anachoma wali, lakini anajua mtoto anavyoogopa radi." Akavuta pumzi pale mama yake alipoivuta. "Elifuraha, shemeji, usikasirike. Uje umwone. Haya, sijui hiki kinazimwaje."

Hata mahali pa kukwaruza pale mwisho, kidole kinapotafuta kitufe, mtoto alipakwaruza, kwa ukucha, ubaoni mwa mlango.

Hakuna aliyemfundisha. Pazia ni kitambaa tu.

Elifuraha alikuwa amekaa, kofia ameishika mkononi, anamtazama mtoto. Kisha akamtazama Katibu. Ishirini na tatu wote wakamtazama Katibu.

*Saa 8:24 Katibu aliomba kikao kiahirishwe kwa muda, ili wajumbe wamsaidie jambo moja ambalo kanuni ya mbuzi haikuliwaza:*

*huyu mtoto ni nakala, au*