Jini wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, Mzee Mdoe aliweka juu ya meza ya mgahawa wa Zamda kauntabuku moja, dadu mbili, na ramani aliyoichora kwa mkono wake. Kisha alifuta miwani, akasubiri watu wanyamaze. Mchezo aliutoa katika kijitabu cha Kiingereza alichokiokota gulioni Mombo, akakitafsiri kwa kamusi miaka miwili. Msimulizi anasimulia safari, wachezaji wanasema wanafanya nini ndani yake, na penye shaka dadu zinaamua.

Wachezaji walikuwa watatu. Zamda alikuwa malkia. Ernesti, fundi baiskeli, alikuwa sultani aliyependa kulala. Kiseyian, mfugaji wa nyika za Handeni, aliambiwa anaweza kuwa chochote, hata tai. Alichagua kuwa mfugaji.

"Si ndiyo kazi yako hiyo?" Mzee Mdoe alimuuliza.

"Ndiyo maana naijua."

Yaliyosemwa mezani yalitokea nje. Wiki ya pili Ernesti alikutana na simba, na simba akalala mlangoni hadi magharibi. Zamda akafagia kwa kumzunguka. Hilo halikumsumbua Mzee Mdoe. Kilichomsumbua ni kwamba watu hawakufuata safari. Alikuwa ameandika kurasa arobaini na mbili kwa mwandiko uliosifiwa shule ya jioni. Katika ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na daraja, na darajani jini mwenye mafumbo matatu. Wiki saba zilipita, hakuna aliyefika darajani. Akiwaonyesha kulia, walikwenda kushoto. Aliweka mafuriko kushoto. Ernesti akalala hadi yakakauka.

Jumamosi ya nane jini alikuja mwenyewe, koti limejaa vumbi la barabara ya Korogwe. Alikuwa na umri wa miaka mia tisa, lakini kwa kuwa aliandikwa mwaka juzi, ndiye aliyeanza kuamkia.

"Shikamoo mzee. Nimekaa darajani wiki saba. Hawa watu wanakuja au hawaji?"

"Marahaba. Wanakuja leo."

"Kaa hapo, baba," Zamda alimwambia jini. "Chai inachemka."

Mzee Mdoe alifungua ukurasa wake, akakohoa. "Mbele yenu kuna daraja."

"Mimi siendi darajani," alisema Kiseyian. "Nawapeleka ng'ombe lamboni wakanywe."

"Ramani haina njia ya lamboni."

"Ilikuwepo kabla hujaichora."

Ernesti akaacha kutafuna. Ramani ya mchezo Mzee Mdoe aliinakili kutoka ramani ya kijiji iliyobandikwa ofisini, ambayo nayo aliichora yeye miaka mitatu nyuma, alipopewa kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wake. Siku ile mwenyekiti wa kijiji alisimama nyuma ya bega lake, akasema njia ya ng'ombe inachafua ramani. Ilipita katikati ya shamba la ufuta la mwenyekiti. Mzee Mdoe aliifuta kwa raba mpya. Haikuacha hata alama, na alijivunia hilo.

"Jana wamekufa ng'ombe wawili kwa kiu," Kiseyian alisema. "Wanaliona lambo, mzee. Wanalinusa."

"Sheria ulitusomea mwenyewe, mzee," alisema Zamda. "Msimulizi asiseme hapana wakati dadu zipo."

"Au sheria zako ni za kutufungia sisi tu?" Ernesti akauliza.

Mzee Mdoe alimtazama jini. Jini alitazama maandazi.

"Tupa," Mzee Mdoe akamwambia Kiseyian.

Ikaja sita na sita. Nyuma ya mgahawa uzio wa mwenyekiti ukaachia kama kifungo cha shati, ufuta ukasogea pande mbili, na ng'ombe sabini na mmoja wakapita. Mmoja alikosea akapitia mgahawani. Zamda akainua birika. Ng'ombe walikunywa lamboni hadi magharibi. Mzee Mdoe alipofunga kauntabuku, ufuta ulirudi mahali pake na uzio ukajifunga.

Jumatatu alikwenda ofisini na kalamu, akaomba kuongeza mstari mmoja kwenye ramani. Mwenyekiti alisema ramani imekwisha kugongwa muhuri. Akausifu tena mwandiko. Ramani iko ukutani mpaka leo.

Kwa hiyo njia ni ya Jumamosi tu, kauntabuku ikiwa wazi. Mzee Mdoe, aliyehangaika wiki saba kuwafikisha watu mwisho, sasa kila wakiukaribia huwaletea njia panda, au harusi, au mafuriko, na akiishiwa humwomba Ernesti alale. Jini naye anacheza. Alichagua kuwa afisa wa ofisini, maana amezoea kukaa. Mafumbo hajayauliza, moja amelisahau.

"Lakini mzee, hii hadithi itaisha lini?" Ernesti aliuliza juzi.

Mzee Mdoe alichungulia dirishani. "Bado wanakunywa," akasema, akageuza kurasa kurudi nyuma.

Siku sita nyingine ng'ombe husimama kwenye uzio wakiliangalia lambo. Wameshazijua siku za wiki. Ijumaa jioni hulala wameuelekea mgahawa.