Diski Saba, Namba Moja

Shangazi alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: alisoma kila kitu. Tangazo la ukutani, karatasi ya ndani ya paketi ya dawa, maandishi madogo ya chini ya kopo la rangi, vyote alivisoma hadi nukta ya mwisho. Kazi ndiyo iliyomfundisha. Kwa miaka ishirini na sita aliketi katika chumba kidogo cha kurekodia, kwenye maktaba ya vitabu vya sauti, akiwasomea wasioona. Nje ya kioo alikaa mhakiki mwenye kengele. Ukikosea neno, kengele inalia, na sentensi inaanza upya bila ubishi.

Maktaba ile ilikuwa na sheria nyingine aliyoipenda zaidi. Msomaji akibadilika katikati ya kitabu, mpya lazima amwambie msikilizaji yeye ni nani na kwa nini mwenzake hayupo. Mtu asiyeona, walisema wazee wa kazi, ana haki ya kujua kwa nini sauti aliyoizoea imeondoka.

Miaka miwili iliyopita madaktari walimpasua koo. Roho ilipona, sauti ikaenda. Kilichobaki ni mnong'ono wa kukwaruza, wa kusikika hatua mbili tu. Kitabu chake cha mwisho, riwaya nene ya sura ishirini na mbili, alikimaliza siku moja kabla ya kulazwa, akimeza maji ya uvuguvugu kila baada ya ukurasa na machozi yakimtoka kwa maumivu. Humo ndimo sauti yake ya mwisho ilimobaki. Popote pengine haikuwepo.

Basi fikiria alivyojisikia asubuhi ile seremala mstaafu alipompigia simu.

"Dada yangu, sura ya ishirini inakwama," seremala alisema. Alikuwa amepoteza macho muda mrefu, na vitabu vya Shangazi alivijua vyote. "Unaanza vizuri, halafu unakatika, halafu kimya. Nimepeleka flashi yangu maktaba mara tatu waninakilie upya, na mara tatu inakwama palepale. Wanasema redio yangu mbovu. Nimeazima ya jirani. Inakwama palepale!"

Shangazi alikata simu. Akampitia binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta mwenye duka lake mwenyewe, awe mdomo wake, wakaenda maktaba.

Hazina ya sauti ilikuwa chini ya bwana mmoja nadhifu ambaye maktaba nzima ilimwita Bwana Kijani, kwa sababu ya muhuri wake. Kila Ijumaa alizichomeka kwenye kompyuta diski saba za nje, moja baada ya nyingine, kila moja na kasha lake na waya wake wa USB. Aliangalia hali ya kila diski, akachapisha ripoti, akagonga muhuri wa wino wa kijani: DISKI NI NZIMA. Hakukosa Ijumaa hata moja. Hata alipokuwa na homa alikuja kugonga.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Mama Msomaji, umenawiri! Kuhusu yule mzee, tatizo ni kifaa chake. Wazee na vifaa, mnajua wenyewe. Diski zetu ni nzima, asilimia mia."

"Na nakala ya pili?" fundi aliuliza. "Shangazi anasema kila kitabu kilikuwa na nakala kwenye diski mbili."

"Ah, zile tulizifuta mwaka jana. Ya nini kujaza diski mbili kwa kitu kimoja, na ripoti inasema ya kwanza haina neno?"

Shangazi alihisi damu ikimpanda kichwani. Amefuta! Kitabu alichokisoma kwa machozi, mtu kakifuta ili apate nafasi, tena anasimulia kwa fahari kama aliyefagia uwanja. Alifungua mdomo, ukatoka ule mkwaruzo, na Bwana Kijani akatabasamu kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. Tabasamu lile lilimuudhi kuliko kufutwa kwenyewe.

"Faili," Shangazi alinong'ona.

Akaletewa faili nene. Bwana Kijani alilifungua kwa madaha, akaonyesha mihuri, ukurasa baada ya ukurasa. Watu wengine wangetazama mihuri. Shangazi alisoma. Alisoma juu ya muhuri, akasoma ule mstari mdogo ambao hakuna mwenye akili timamu anayeusoma: namba ya diski, ile inayopigwa kiwandani, ambayo diski mbili duniani haziwezi kuwa nayo. Kwenye ripoti ya diski ya kwanza namba iliishia na 7K2. Akafungua ya pili. 7K2. Ya tano. 7K2. Akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi miwili. 7K2, 7K2, 7K2.

Aliweka kidole kwenye namba, akamvuta fundi mkono. Fundi alisoma, akageuza diski ya nne, ile yenye kitabu cha Shangazi, akatazama kibandiko cha chini ya kasha. Namba ilikuwa nyingine kabisa.

"Bwana mkubwa," fundi alisema polepole, "hebu nionyeshe unavyopima."

Alionyesha. Alichomeka diski ya nne, akafungua programu, ukatokea mstari mmoja wenye alama ya kijani na neno NZIMA. "Unaona?" alisema.

Fundi alinyoosha mkono akauchomoa waya. Diski ikabaki mezani, haijaunganishwa na kitu. Akabonyeza programu isome upya.

Kijani kilikuwa palepale. NZIMA.

Bwana Kijani aliitazama ile alama, akautazama waya, akaitazama tena alama.

"Hiyo unayoipima ni diski ya ndani ya kompyuta yako," fundi alisema. "Hizi za nje zimekaa ndani ya makasha, na kasha lina kijumbe chake katikati, saketi ndogo ya kupeleka maswali na majibu. Programu inauliza hali, kijumbe hakielewi swali, kinanyamaza. Sasa programu inakuonyesha ile moja inayoiona. Miaka yote hii umempima msindikizaji, mgonjwa yuko kwenye benchi."

"Lakini ilikuwa inaandika nzima!"

"Nani?" Shangazi alinong'ona. "Nani nzima? Ulimuuliza jina?"

Fundi aliuchomeka waya tena, akaingia kwenye mipangilio ya programu, akachagua aina ya kasha ili swali lifike kwa diski yenyewe. Mstari wa pili ukatokea. Huo ulikuwa mwekundu. Fundi alisoma kwa sauti: vipande vibovu vilivyokwisha kuhamishwa, elfu moja na mia nane; vipande vinavyoshindwa kusomeka, mia sita na kumi na mbili.

"Diski haivunjiki siku moja," alisema. "Hii imekuwa ikilalamika muda mrefu. Hakuna aliyeisikiliza."

Shangazi aliwaza kwamba seremala asiyeona aliligundua tatizo kwa masikio tu, na mwenye macho mawili na muhuri akamwambia redio yake mbovu.

Bwana Kijani sasa alitaka kujikosha. Akashika kipanya. "Basi tufanye upimaji kamili! Programu ina sehemu ya kuikagua diski yote, mwanzo hadi mwisho. Tuhakikishe kabla ya kusema..."

Shangazi alipiga meza kwa kiganja hadi kikombe cha kalamu kikaanguka. Hakuwa na sauti, lakini meza ilikuwa nayo.

"Nakili kwanza," alinong'ona. "Usimkimbize mgonjwa ili ujue kama anaumwa."

"Kweli kabisa," fundi alisema. "Kila dakika diski inapozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Toa mkono."

Wakaanza kunakili kitabu cha Shangazi. Sura ya kwanza ilitoka, ya pili, ya tatu. Shangazi alivuta kiti akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akihesabu. Ya kumi na tisa ilipokamilika alianza kupumua. Ya ishirini ilifika katikati, kisha ndani ya kasha kukasikika mlio mdogo mkavu, ka, ka, ka. Fundi akaiacha, akaijaribu ya ishirini na moja. Ka, ka. Halafu diski ikanyamaza, na mstari wake ukatoweka kwenye programu.

Ule wa 7K2 ulibaki, kijani kibichi.

Sura tatu zilikuwa zimepotea. Shangazi alilia mbele ya watu, na hakuona haya. Sura ya mwisho ndiyo aliyoisoma akijua kwamba kesho yake hatasoma tena. Alikuwa ameiaga kazi yake humo bila kumwambia mtu.

"Mama, nisamehe," Bwana Kijani alisema. "Ni hitilafu ya kiufundi. Tutatafuta msomaji azimalizie."

Shangazi alifuta macho. "Utazisoma wewe."

"Mimi? Mimi si msomaji, mama."

"Hilo nimeliona kwenye faili."

Siku iliyofuata fundi alizipima diski sita zilizobaki, akakuta moja zaidi inaumwa, akaiokoa yote. Kila kitabu kilichobaki kikarudi kuwa na nakala mbili, na kila ripoti ikawa na namba ya diski yake. Jumatatu Bwana Kijani akaingia kwenye chumba cha kurekodia. Nje ya kioo, mbele ya kengele, alikaa Shangazi.

Kengele ililia mapema, kabla hata ya riwaya, kwa sababu sheria ya maktaba ilikuwa wazi.

"Mpendwa msikilizaji," Bwana Kijani alianza, akataja jina lake na kazi yake. "Kuanzia sura hii sauti inabadilika, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu..."

Kengele.

Alikohoa. "Kuanzia sura hii sauti inabadilika, kwa sababu diski iliharibika..."

Kengele.

Alimtazama Shangazi kupitia kioo. Shangazi alimtazama yeye, kidole juu ya kengele. Seremala alikuwa nyumbani kwake akisubiri sura ya ishirini, na alikuwa na haki ya kujua.

Bwana Kijani aliinamisha kichwa kwenye kipaza sauti. Safari hii alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayejifunza.

"Kuanzia sura hii sauti inabadilika. Sauti ya aliyekuwa akikusomea ilikuwa mikononi mwangu. Kila Ijumaa nilitia muhuri kwamba ni salama, kwenye karatasi ambazo sikuzisoma."

Akasubiri kengele.

Shangazi aliondoa kidole kwenye kengele, akamwashiria kwa mkono aendelee.