Mafiga Chini ya Mkuku

Nzilani alikuwa amekwisha kuuza kibanda chake cha maembe pale Matuu kabla hata hajaiona mashua. Usimcheke bado. Mwanamke aliyezika mume, akatupa maembe mabovu msimu baada ya msimu, akiamua kununua mashua ya tanga yenye vitanda ndani ili atembeze wageni kwenye bwawa la Masinga, hashauriwi. Anasindikizwa tu.

Msindikizaji alikuwa Muindi, fundi wa Kithyoko aliyewahi kukarabati mashua Mombasa hadi mgongo ulipomrudisha nyumbani. Walimkuta mwenye mali, mfanyabiashara mmoja aitwaye Matthew Kinyua, akiwangoja kando ya pikapu yake. Ilikuwa kiangazi cha mwaka elfu mbili. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hadi visiki vya mashamba ya watu waliohamishwa zamani vikatokeza. Mashua ilikaa juu ya tope, imeegemezwa magogo huku na huku, kama ng'ombe anayesaidiwa kusimama.

"Mama, hii ni nyumba kamili," Kinyua alisema. "Mzungu aliyeileta alikuwa analala humo."

"Na wewe umelala humo?"

Kinyua akaangalia viatu vyake. "Mimi niko na kitanda nyumbani."

Muindi akatoa nyundo ya mbao, akaanza kugonga ubavu wa mashua, sikio karibu. "Sikiza, Mama Wayua," akamwambia Nzilani. "Mahali pazima panalia kavu. Palipoingia maji ndani ya faiba, hili gamba lake, panalia kama tikiti bovu."

Pote palilia kavu. Akafika kwenye mkuku, ule uti mzito wa chini unaoizuia mashua isipinduke. Akagonga. Kutoka ndani kukajibiwa: kwaru, kwaru, kama mwiko unaokwangua chungu.

"Panya," Kinyua akasema kabla hajaulizwa.

"Panya anasonga ugali?" Muindi akamtania, lakini nyundo aliirudisha mfukoni.

Wakapanda ndani. Muindi akafunua mbao za sakafu, akapapasa boliti zinazoshika mkuku, akachokoa kwa kisu mbao za chini ya mlingoti. Kutu kidogo, mshono mmoja wa tanga umeachia, basi. Nzilani akajilaza kitandani kupima urefu, akawaona wageni wake wakinywa chai mlangoni. Ndipo harufu ikamjia: muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, unaoanza kushika chini ya chungu, na moshi wa kuni za mgunga. Hapakuwa na boma karibu.

"Unasikia hiyo?"

"Nilidhani ni njaa yangu," Muindi akasema, wala hakutabasamu. Huyu ni mtu anayetania hata matangani.

Nzilani akashuka, akatambaa hadi chini ya mashua. Mkuku ulikuwa umekalia mafiga, mawe matatu meusi kwa masizi ambayo maji ya miaka yote ile hayakuyaosha. Moja lilikuwa na pengo ukingoni, pale mama yake alipokuwa akinolea panga kila asubuhi. Hapa palikuwa kwao. Bwawa lilipojengwa, mama alipakiwa kwenye lori na kupelekwa Kola, akakataa kula kilichopikwa kwenye jiko la watu, akafa akiuliza nani anaangalia moto wake.

"Ni wewe uliiweka hapa?"

Kinyua akavua kofia. "Niliifunga kule mbali, mama. Maji yakaisha, nikaikuta hapa. Mimi niliweka magogo tu. Kila mnunuzi anaingia, ananusa, anaenda."

"Muindi, haya mawe yanatolewa vipi?"

"Hayatolewi. Jeki itazama kwenye tope. Ukiondoa magogo, inalala ubavu na kupasuka. Ngoja mvua, maji yatainyanyua polepole, utakuwa na mashua safi."

"Na mawe?"

Siku maji yatakapoinyanyua mashua, mawe yatakuwa chini ya maji tena.

Nzilani akakaa kivulini kwa muda, mgongo kwenye mkuku. Kwaru, kwaru, ikaendelea, bila haraka, kama mtu asiye na shaka kwamba watu wa nyumbani watakuja kula. Akainuka, akafungua fundo la leso, akampa Kinyua pesa zote za kibanda.

"Sasa ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Muindi, toa magogo ya upande huu."

"Mama Wayua, umeuza kibanda."

"Najua nilichouza. Toa."

Ilianguka taratibu, kisha kwa ghafla. Mlingoti ukakatika, faiba ikapasuka, mshindo ukavuka bwawa na kurudi. Mkuku ukateleza, ukayaacha mawe juani. Katikati yake palikuwa na jivu, jivu kavu. Nzilani akapiga magoti, akalitandua kwa kidole, akapuliza kama alivyofundishwa utotoni. Kijicho chekundu cha moto kikafumbuka.

Kinyua alikuwa amekwisha kushika njia ya pikapu, akitembea kama mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

"Muindi," Nzilani akasema bila kugeuka, "vunja ubao wowote humo ndani, uniletee kuni."