Mti Uliotiwa Lakiri

Watoto hamsini na wanne walikaa watatu watatu kwenye madawati ya wawili, na mwalimu wao, Abla Inshirah, alikuwa akijipenyeza upandeupande katikati yao, sanduku la viatu mikononi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Tangu alfajiri upepo wa khamasini ulikuwa ukiumwagia mji wa Damanhur vumbi la njano, na mle darasani mlinuka jasho, chaki na mikate ya maharage.

"Hebu tazama, Rumaysa. Unaona nini?"

Rumaysa, binti wa miaka mitano asiye na meno mawili ya mbele, aliinama mpaka pua ikagusa ukingo wa sanduku.

"Wananyanyua vichwa. Wanatafuta kitu." Akafikiri kidogo. "Abla, hawa wana njaa."

Alisema kweli. Viwavi wa hariri wapatao thelathini walikuwa wakitambaa juu ya vikonyo vikavu. Watoto waliwapokea mwishoni mwa Februari wakiwa mayai madogo kuliko punje za ufuta. Waliwaona wakianguliwa, wakawaona wakijivua ngozi mara nne, na kila mara walichora alama ya chaki ukutani. Sasa zilibaki siku chache za kula kwa pupa, kisha wasokote vifukofuko vyao. Lakini walikula majani ya mti wa mforsadi tu, nayo yalitoka kwenye miforsadi ya ukingo wa mfereji, na Jumamosi manispaa iliikata yote ili kupanua barabara.

Mforsadi mmoja tu ulisalia. Kutoka dirishani ulionekana wazi, umejaa majani mabichi, katika ua wa jengo la zamani la shule. Jengo hilo lilipata ufa miaka minne iliyopita. Likafungwa, na mlango wa ua wake ukatiwa lakiri, muhuri wa nta wa serikali.

Wakati wa mapumziko Inshirah alimwendea mlinzi.

"Ami Khalaf, nifungulie dakika mbili tu. Nichume majani, nitoke."

"Ufunguo ninao, binti yangu. Lakiri ndiyo siwezi." Mzee alipapasa mfuko wa kanzu yake. "Nikiivunja hii, wataniuliza kilichoibwa mle ndani. Na mle ndani hamna kitu! Nitathibitishaje kwamba hakikuibwa kitu kisichokuwapo? Vuka barabara, kamwone karani wa mali pale idara ya elimu."

Akavuka. Karani alikuwa akinywa chai, vumbi likitanda juu ya sahani aliyofunikia glasi yake. Alilisikiliza ombi, akafungua daftari nene, akateremsha kidole.

"Huu hapa. 'Mti wa forsadi, mmoja.' Uko kwenye amana, unangoja mnada."

"Mti siutaki, kaka yangu. Nataka majani."

"Na mti bila majani utakuwa ni mti ule ule niliouandika?"

"Yataota mengine! Ni majira yake."

"Hayo mwambie mhandisi. Leta barua ya mwalimu mkuu, mhandisi atie saini, tuipeleke mkoani. Wiki mbili, tatu."

"Wiki tatu watakuwa wamekufa."

"Mungu awarehemu."

Inshirah alishika ukingo wa meza. "Na yakianguka yenyewe?"

Karani alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Yakianguka ndani ya ukuta ni mali ya serikali. Yakianguka nje ni takataka."

Basi alirudi akizunguka nyuma ya ukuta, mtandio umefunika mdomo, akiokota takataka. Upepo ulikuwa umerusha majani tisa. Aliyafuta vumbi moja moja kwa ukingo wa mtandio wake, akakimbia nayo darasani.

Mlangoni alisimama ghafla. Mwalimu mkuu, Bi Is'ad, alikuwa kando ya ubao, uso umemwiva. Pembeni yake alikuwa Ustadhi Nash'at, mkaguzi waliyemtarajia kesho.

"Abla katoka wapi na mboga?" aliuliza mkaguzi.

"Samahani, Ustadhi. Ni chakula cha viwavi."

"Viwavi?"

Rumaysa alikwisha kumletea sanduku. "Tazama, Ami, wana njaa. Shika huyu, hang'ati."

Mkaguzi alirudi nyuma mpaka koti lake likapata chaki ya ubaoni. "Wadudu! Darasani, na watoto wa watu! Bi Is'ad, hiki ni nini?"

"Nilimkataza," alisema Bi Is'ad. Hakuwa amemkataza; mwezi uliopita yeye mwenyewe alikuja kuwatazama wakijivua ngozi.

"Kikatupwe. Sasa hivi."

Ami Khalaf akaitwa. Alimtazama Inshirah, akatazama chini, akalichukua sanduku na kutoka nalo kuelekea kwenye pipa la kuchomea taka.

Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akatoa fomu. Alitazama ukutani, akakuta picha ya kipepeo ya karatasi iliyoletwa na idara. Akasoma swali la fomu kwa sauti huku akilijaza: "'Watoto hujifunza kwa kuchunguza viumbe hai.' Ndiyo. Vizuri sana. Saini hapa, Abla."

"Lakini Ustadhi, umeamuru watupwe."

"Fomu haiulizi hayo."

Bi Is'ad alimsogelea sikioni. "Tia saini, dada yangu. Orodha ya vibarua inaenda idarani Jumapili. Usinitie mashakani na usijitie wewe."

Huu ulikuwa mwaka wa sita Inshirah anafundisha kwa kibarua, na kila muhula alikuwa akisubiri kuambiwa kama ataongezewa mkataba au aende zake. Majani tisa yalikuwa bado kiganjani. Aliyahamishia mkono wa kushoto, akatia saini.

Mkaguzi alipotoka kumalizia chai ofisini, moshi ulianza kupanda uani. Watoto wa upande wa dirishani waliuona.

"Waambie wamekuwa vipepeo, wameruka," alinong'ona Bi Is'ad. "Watafurahi. Kisha watoe madaftari, waandike herufi."

Inshirah aligeuka. Nyuso hamsini na nne zilimngoja.

"Watoto," alianza. "Wale viwavi wetu... wamekuwa vipepeo. Wameruka."

Wachache walipiga makofi. Rumaysa hakupiga. Alikunja uso, akatazama alama nne za chaki ukutani.

"Haiwezekani," alisema. "Hawajasokota bado."

"Mtoto, kaa chini!" Bi Is'ad alifoka.

"Kwanza wanasokota, halafu wanalala ndani, halafu ndiyo wanatoka na mabawa. Abla, wewe mwenyewe ulisema tusubiri tuone."

"Madaftari!" alisema Bi Is'ad. "Abla, waambie watoe madaftari."

Inshirah alisikia mchanga ukikwaruza vioo, na kiti cha mkaguzi kikivutwa ofisini, upande wa pili wa ukuta mwembamba. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Rumaysa amesema kweli," alisema, kwa sauti ya kufika ofisini. "Hawakuruka. Wamechomwa moto. Nami nimewadanganya."