Kopo la Maziwa Darini

Mara ya kwanza wakwe walipokuja, walikula nyama makoti yakiwa mwilini. Bi Kalbubu, mama wa kijana, alimaliza chai, akakifunga tena kitambaa chenye hereni za uchumba alizomletea Aiperi, binti wa nyumba ile, akakirudisha mkobani.

"Tutamvisha hizi baridi ikipungua," alisema.

Baridi ya Naryn, mji wa milimani, haina haraka ya kupungua, na kila mtu mezani alijua ni baridi ipi iliyosemwa.

Esenkul, baba wa Aiperi, alikuwa amefundisha fizikia hadi alipostaafu. Neno lile lilimchoma. Akafunga boila jipya la makaa ya mawe na kando yake tangi kubwa la kuweka akiba ya maji moto, ili nyumba isipoe moto ukizimika. Na kwa kuwa maji yakipata moto hutanuka, darini akaweka kopo la alumini la kubebea maziwa, yapate pa kupandia. Kopo likijaa, bomba lingemwaga nje yaliyozidi.

"Dogo hilo," alisema mkewe, Saadat.

"Nimepiga hesabu. Maji ya nyumba nzima yakifika nyuzi sabini, hayaongezeki hata lita thelathini. Kopo ni la lita arobaini."

"Sabini za nani?"

"Za fizikia, mama."

"Na bomba mbona umelitokeza juu ya mlango? Lipeleke nyuma, zizini."

"Nyuma ni mbali. Na humo halitoki hata tone."

Siku wakwe walipokuja tena, Saadat alijaza boila makaa alfajiri. Wifi yake, aliyekuja kukata tambi, alipita hapo akauona moto mnyonge, akaongeza beleshi mbili: wasije wakasema. Baadaye akaingia Esenkul mwenyewe. Kipimo kilishapita themanini. Alisimama akakitazama kama alivyozoea kumtazama mwanafunzi mjinga. Kisha akayakumbuka yale makoti. Akatupia beleshi moja iliyojaa, akanawa mikono, akarudi kwa wageni na uso wa mtu asiyejua makaa yanafananaje.

Makoti yakavuliwa. Sweta zikafuata. Bi Kalbubu alijipepea kwa sahani.

"Mkwe, kondoo umeshamchemsha, sasa umetugeukia sisi?"

Wakacheka. Darini kopo lilikuwa linakoroma, na Esenkul akacheka kuliko wote ili lisisikike.

Jua lilipozama wageni wakainuka. Kitambaa kilikuwa bado mkobani.

"Mmewasha vizuri," alisema Bi Kalbubu akivaa koti. "Lakini mgeni akija, nani hawashi? Mwanangu ataoa kwenye nyumba yenye joto siku zote, au ya leo tu?"

Mumewe akausukuma mlango. Haukutikisika. Akausukuma kwa bega. Maji ya bomba yalikuwa yameteremka juu yake mchana kutwa na kuganda, barafu ikaushika mlango na kizingiti kama ukuta. Madirisha yalizibwa kwa pamba na karatasi tangu vuli.

"Baba Aiperi," Saadat aliuliza taratibu, "lile tone ndilo hili?"

"Mpigie jirani simu aje na shoka," alisema Esenkul, masikio yamemwiva.

"Gizani hivi? Amkate nani mguu? Wakwe watalala. Na boila tusiliguse, wasije wakaiva."

Wakalala. Moto ukafa wenyewe.

Asubuhi, jirani akigonga barafu kwa nje, Bi Kalbubu alijikuta kajifunua mablanketi yote. Akaenda kugusa redieta, akaondoa mkono haraka. Akashuka kuchungulia boila: majivu matupu. Akarudi, akamwita Aiperi, akafungua kitambaa, akamvisha hereni, moja huku, moja kule.

Kisha akamgeukia Esenkul.

"Mkwe, utatufungia na sisi mtambo kama huu. Tangi kubwa, na kopo lake." Akausikiliza mlango ukilia. "Na lile bomba la juu ya mlango, nalo limo kwenye hesabu?"

Esenkul alinyoosha kola yake.

"Hilo ndilo gumu kuliko yote," alisema.

Saadat akaenda kutia chai, mabega yakimtikisika.