Kahawa ya Marehemu

Mkahawa wa tatu ndio uliomtoa Mama Kijiko jasho jembamba. Katika ile miwili ya kwanza alijikaza, akasema labda ulimi unamchezea, maana mjane wa miezi kumi na moja huona na kusikia mengi, na akiyasema watu humtazama kwa ile huruma ya kuudhi. Lakini mara ya tatu, jamani? Aliweka kikombe chini polepole, akakishika kwa mikono miwili.

Wazo la kuzunguka mikahawa halikuwa lake. Lilikuwa la bintiye, kitindamimba, msichana mwenye maneno kama redio, aliyechoka kumwona mama yake amejifungia ndani. "Mama, utaota ukungu," alimwambia asubuhi ile. "Mji umejaa wakaangaji wapya wa kahawa, kila kichochoro kina mkahawa, na wewe muonjaji mzima umekaa hapo unakunywa maji ya moto! Vaa viatu." Akamvalisha, karibu kwa nguvu. Jina lenyewe la Mama Kijiko lilitokana na kazi hiyo: kwa miaka thelathini alikuwa akiwaonjea kahawa wakaangaji, na kijiko chake hakikukosa kwenye mkoba.

Wakaanza na mkahawa wa karibu na posta, wenye meza za kioo na mhudumu aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Mama alionja, akanyamaza. Wakaenda wa pili, ghorofani juu ya fundi cherehani, ambako unakunywa huku sakafu ikitetemeka kwa mashine za chini. Akaonja, akanyamaza zaidi. Sasa walikuwa kwenye wa tatu, nyuma ya gereji, wamekalia makasha yaliyogeuzwa viti.

"Mama, umepauka," binti alisema. "Mbaya sana?"

"Mwanangu, kahawa hii kaikaanga baba yako."

Binti alisogeza kasha lake karibu. "Mama, tafadhali. Mchana kweupe hivi?"

Lakini Mama hakuwa na mzaha. Kahawa ya mumewe angeitambua hata akiwa usingizini. Marehemu alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto, na mashine yake ya kukaangia ilikuwa upande huohuo wa kushoto. Sasa, mkaangaji hutegemea sikio: buni zikiiva huanza kupasuka ndani ya pipa la mashine, na ukisikia mlio ule unahesabu, unafungua, unazitoa. Yeye mlio ulimfikia umechelewa kidogo, basi kila kahawa yake iliacha mwishoni ladha ya ganda la karanga lililobabuka. Wenzake walimtania kwa hilo mpaka akafa. Ladha hiyo Mama hakuwahi kuikuta kwa mkaangaji mwingine yeyote, na leo ameikuta mara tatu kabla ya saa sita.

Akamwita mhudumu. "Mwanangu, kahawa hii mnaitoa wapi?"

"Kwa dada mmoja, mama. Karakana yake ipo nyuma ya kile kiwanda cha zamani cha magodoro. Siku hizi mikahawa mingi inachukua kwake." Akasita, akapangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Wateja wanaipenda, ila wana maneno. Wengi wanasema wakiinywa wanahisi kuna mtu anawangoja mahali, na wamechelewa."

Mama akainuka bila kumaliza kikombe. Walikwenda kwa miguu, binti akiuliza maswali, mama akimjibu kwa kuguna. Moyoni alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata binti huyu, na kila hatua ilizidi kulichimbua.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa na utaratibu wake. Baba akikaanga, kikombe cha kwanza ni cha Mama, na kahawa haitoki mlangoni mpaka Mama aseme. Akisema "pita", imepita. Akisema "rudia", mzee wa watu anavua miwani, anaifuta, anaanza upya bila kununa. Siku ile ya mwisho walikuwa wamegombana, tena kwa jambo la kijinga, pazia la bafuni. Baba alimwita mara tatu kutoka karakanani, "Njoo uonje! Njoo bwana, njoo uonje!" na yeye akajibu kwa sauti ya juu, "Kanywe mwenyewe!" akabamiza mlango. Alipokwenda baada ya saa nzima alimkuta ameegemea ukuta kwenye kigoda chake, amekwisha, na kikombe kimepoa kando yake. Watu walipoanza kujaa nyumbani, yeye alikiosha. Alimwaga ile kahawa kwenye sinki kwa mkono wake mwenyewe bila kuionja, na tangu siku hiyo hakukuwa na usiku aliolala bila kuisikia ikishuka kwenye bomba. Baadaye mashine ikauzwa, na vyombo vyake vyote.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na magunia, mizani, ndoo, na katikati mashine yenyewe. Binti ndiye aliyeitambua kwanza, kwa mkwaruzo aliouchora kwa msumari akiwa na miaka mitano, akachapwa kwa ajili yake.

"Aa, kumbe!" alisema kwa furaha ya mtu aliyepumua. "Mashine ya baba! Basi ndiyo maana ladha ni ileile. Mama, ulinitia kiwewe bure."

Mkaangaji alikuwa amewapa mgongo. Hakugeuka. Binti akapiga hodi mara mbili, kisha akamgusa bega, na mwanamke akaruka. Alikuwa kijana tu, miaka thelathini haijatimia, lakini macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mgonjwa.

"Samahani sana," alisema, akigeuza uso ili sikio la kulia liwaelekee. "Ukinisemesha kwa kushoto sisikii. Daktari amechungulia mara nne, anasema sikio ni zima."

"Tangu lini?" Mama akauliza.

"Tangu ninunue mashine hii, mama."

Binti akatazama sakafu.

"Si uache kukaanga?" binti aliuliza.

"Niliacha siku moja. Sikio la pili nalo likaanza kuvuma mpaka nikalia. Nikawasha mashine, likanyamaza. Dada, mimi sikaangi kwa kutaka tena. Natoa kahawa mpaka inakosa pa kuwekwa, nawagawia mikahawa, na kila nikimaliza najua haikukubaliwa. Sijui na nani. Mikono inaanza tena." Akaonyesha kona. "Na kila mara inamimina kikombe cha kwanza na kukipeleka pale."

Pale palikuwa na kigoda, na kando yake kikombe juu ya kasha. Kigoda Mama alikijua. Kikombe hakukijua, lakini kilikuwa kikifuka moshi.

"Cha leo hicho nimekimimina alfajiri," mkaangaji alisema kwa sauti ndogo. "Hakipoi."

Mama alipiga magoti mbele ya kigoda. Aliweka kiganja juu ya mbao, akakiondoa haraka. Palikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu.

"Mama, twende nyumbani," binti alinong'ona. "Nakuomba, twende."

"Nyamaza, mwanangu. Kikombe hiki ni changu."

Akanywa.

Alingoja lile ganda la karanga mwishoni, na halikuja. Kahawa ilifika mwisho safi, tamu, haina kovu hata moja. Hii haikuwa kahawa ya mikahawani. Ilikuwa ile aliyoimwaga. Akaelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kufiwa. Sasa akakumbuka alikomkuta: siku ile mume wake alikuwa amehamisha kigoda, akakaa upande wa pili wa mashine, sikio zima likielekea pipa, jambo jepesi ambalo mtu mkaidi kama yule lilimchukua miaka thelathini kulifikiria. Alikuwa ameipata. Ndiyo maana aliita mara tatu, na ile "njoo bwana" ilikuwa na kicheko ndani yake, na yeye kwa hasira zake hakukisikia.

"Jamani, baba watoto," alisema, na machozi yakamtoka.

Mkaangaji alikuwa amesimama nyuma yake, amejishika sikio. "Mama, ni wewe unayengojwa? Basi mjibu. Kama kuna neno, liseme. Nakuomba kama mzazi wangu, nimechoka."

Neno lilikuwepo. Herufi nne tu. Mama alilifikisha hadi kwenye meno. Lakini nyuma ya neno lile aliiona nyumba yake, kitanda chake, kiti kitupu mezani. Na hapa palikuwa na kigoda chenye joto. Akisema "pita", kazi imekwisha, na mtu akimaliza kazi huondoka. Akamtazama yule mwanamke aliyekuwa akimsihi, akaona haya, na haya yenyewe hayakumzuia.

"Rudia," alisema.

Mkaangaji akatoa sauti ya mtu aliyepigwa. Na mashine, ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote, ikaguruma. Pipa likazunguka mara moja, polepole. Mara ya pili. Mama alifumba macho kwa furaha aliyojua ni mbaya.

Pipa likasimama.

Kimya kikakaa. Kilikuwa kimya cha mtu anayetazama kitu kwa makini.

"Mama," binti alisema, akikitazama kikombe. "Umemeza."

Muonjaji hamezi. Huvuta kahawa kwa kijiko, huizungusha mdomoni, huitema kwenye ndoo, kisha ndipo husema. Kijiko cha Mama hakikuwa kimetoka mkobani. Ndoo ilikuwa hapo miguuni pake, kavu kabisa, na kikombe mkononi hakikuwa na hata mashapo. Alikuwa amekinywa chote kama mtu mwenye kiu, na kahawa inayonyweka hivyo imekwisha kupita, aseme asiseme. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumdanganya yule mzee akafanikiwa, na hata sasa hakufanikiwa.

Kigoda kililia kidogo, kama kinavyolia kigoda mtu mzito anaponyanyuka. Mama alirusha mikono kukishika, akakumbatia mbao.

"Ngoja," alisema. "Bado. Mume wangu, sijasema bado. Haijapita, nimesema haijapita!"

Nyuma yake mkaangaji alishusha mkono kutoka sikioni. Aligeuza kichwa huku na huku. Nje mtu alikuwa akipiga mluzi, gari likirudi nyuma, mtoto akiitwa ndani. "Nasikia," alisema. "Dada, nasikia! Pande zote nasikia!" Akamkumbatia binti, wote wawili wakalia na kucheka, wakarukaruka kati ya magunia mpaka buni zikamwagika.

Kisha akaja kumpigia Mama magoti, akamshika mkono, akamshukuru, akamwita mama yangu, mwokozi wangu, nitakulipa nini mimi. Mama Kijiko akaitikia kwa kichwa. Kiganja chake kimoja kilikuwa bado juu ya kigoda, na mbao zilikuwa zikipoa.