Kioo cha Kuhakiki Juzuu

"Mwanamina, mtu umo ndani ya eda, kompyuta ya kazi gani?"

Maimuna, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuliza hivyo siku ile akiwa amesimama mlangoni na bakuli la mihogo.  Mwanamina alikuwa amekaa mkekani na kanga zake nyeupe, simu mapajani, anangoja picha.

"Kazi ya marehemu," alisema.

Marehemu mumewe, Sadallah, alifundisha chuo cha Kurani hapo Kibiti mpaka ndevu zikawa nyeupe, na alikufa akiwa ametunga juzuu ya watoto wanaoanza kusoma. Mpiga chapa wa Dar es Salaam alikuwa ameshapanga kurasa. Ilibaki kuhakiki nukta na irabu za herufi za Kiarabu, moja baada ya moja, na kompyuta ya zamani ilikufa kabla ya mwenyewe. Mwanamina shuleni aliishia darasa la saba, lakini Kurani aliihitimu angali mwari, na jicho lake halikuwa la kuruka nukta. Kazi hiyo alimwahidi mumewe akiwa kitandani, hajiwezi.

Muuzaji wa Kariakoo alimwambia kwa simu kuna kioo cha HD ya kawaida na kuna Full HD.

"Mama, kioo chote ni vinukta. Vikiwa vingi, herufi inatoka kali. Vikiwa vichache, kama imeandikwa kwa mkaa."

"Basi nifungulie ukurasa huu huu kwenye zote mbili, unipigie picha."

Picha zikaja. Katika ya kwanza irabu zilikuwa zimevimba, zimeshikana kama siafu njiani. Katika ya pili kila moja ilisimama peke yake. Maimuna akachungulia.

"Mie naona sawa tu, mwenzangu."

"Wewe husomi, unapita."

Wakacheka, na lilikuwa cheko la kwanza nyumba ile tangu msiba. Akachagua Full HD.

Twalibu, mdogo wa marehemu, aliposikia akaja kuzungumza barazani, pazia katikati. "Shemeji, na mimi namwagizia mwanangu Mudrick, ile ya kawaida. Ziletwe na basi moja. Stendi nitakwenda mimi, maana wewe utatokaje?"

Kweli, angetokaje?

Mvua zikashika. Kila honi ya basi iliyosikika kutoka barabara kuu ilisimamisha tasbihi vidoleni mwake. Akituma kuuliza, Twalibu anajibu, "Bado, shemeji. Subira." Naye Mwanamina alikuwa na subira, watu wote walimsifu kwa hilo.

Mzigo ulipofika, uliingizwa ndani na Maimuna. Boksi lilikuwa limeshafunguliwa.

"Mbona limefunguliwa?" Mwanamina aliuliza kupitia pazia.

"Nilikuwa natazama kama haikuvunjika. Mzigo wa basi huo, shemeji!" Twalibu alijibu kutoka barazani.

Akawasha, akafungua ukurasa wa kwanza. Irabu zikamjia zimeshikana. Akapangusa kioo kwa upindo wa kanga, wapi. Akavaa miwani ya marehemu. Akakuza maandishi, mstari ukatoka nje ya kioo, akawa anaufuata kipandekipande na kupotea alipofikia.

Macho haya, alijiambia. Nimeyalia, nimeyamaliza. Akatawadha, akaomba radhi kwa Mola wake kwa kulia kupita kiasi, akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho.

Juzuu zikachapwa, zikagawiwa vyuoni kuanzia Mtunda hadi Nyamisati. Haukupita muda zikaanza kurudi, mafungu kwa mafungu. Mwalimu Haidari, aliyeshika chuo cha marehemu, alisema kwa upole akiwa barazani, na upole wake ndio uliochoma. "Bi Mwanamina, makosa yamo hata katika Alhamdu. Na mtoto husoma alichoandikiwa."

Maneno ya Mungu hayatupwi jalalani. Zilichomwa uani kwake, jivu likafukiwa. Mwanamina alitazama kutoka mlango wa jikoni. Majalada ndiyo yaliyotangulia kujikunja, na jina la Sadallah juu yake.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa baibui, na nyumba ya kwanza kuikanyaga ikawa ya Twalibu, kumshukuru kwa kumwangalia.

Mudrick alikuwa sebuleni anatazama mpira kwenye kompyuta. Majani ya uwanja yalikuwa yanahesabika.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Hebu nifungulie kitu humo." Akampa simu iliyokuwa na juzuu.

Ukurasa wa Alhamdu ukafunguka. Kila irabu ilisimama peke yake, na zilizokosewa alizikuta hapo hapo, bila miwani.

Twalibu akatokea uani anacheka. "Karibu, shemeji, umetoka salama!" Akaona kilicho kiooni, na cheko likamfia mdomoni. "Aa, hizo... zinafanana, shemeji. Halafu kijana ana michoro yake ya chuoni. Wewe nikaona ni maandishi tu."

"Maandishi tu," Mwanamina alirudia.

"Basi ichukue, yaishe. Mudrick, mpe mama yako mkubwa!"

Kijana akaifunga, akamnyooshea kwa mikono miwili, kichwa chini. Mwanamina aliitazama. Mikono yake ilibaki ndani ya baibui.

"Nilidhani ni macho yangu," alisema. "Nimeyaombea radhi kwa Mungu, Twalibu."

Akavaa viatu vyake kizingitini, akatoka.